Kichocho

Mbekenyera, wilayani Ruangwa, kama kusini kote mwa Tanzania, kichocho ni kukojoa damu. Kandokando ya Ziwa Victoria, neno hilohilo mara nyingi hutaja ugonjwa wa utumbo. Jina moja, minyoo wa aina mbili.

Wa kusini aligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Maisha yake ni ya ajabu mno: dume hujikunja likawa mfereji, jike likalala humo, wakaishi hivyo miaka kadhaa katika mishipa ya damu ya kibofu. Mayai yenye mwiba hutoka na mkojo, huanguliwa majini. Viluwiluwi humwingia konokono, huzaliana humo bila dume wala jike, kisha hutoka kwa maelfu kupenya ngozi ya anayeoga au kufua.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo hao, ila haizuii maambukizi mapya.