Mkoko Ndio Ulipima Chumba

Watu wakienda Lamu hupiga picha milango. Sawa, nakshi ni kali. Lakini wasee, hebu ingieni ndani muangalie juu. Ile miti iliyobeba dari ni boriti, na boriti nyingi ni mkoko, jenasi ya Rhizophora, ule ambao mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti.

Ushawahi kujiuliza mbona vyumba vya nyumba za kale za mawe ni virefu lakini vyembamba, kama mita 2.5 hadi 3 hivi? Si ati watu walipenda kubanana. Dari ni mawe na chokaa, uzito wa ajabu, na boriti ikizidi urefu huo haiwezi kuubeba. Mti ndio uliamua chumba.

Ni mti mzito, mgumu, mchwa wanauogopa. Wakataji waliupanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Magome nayo yalitengenezea ngozi.

Majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yamejaa boriti, maana kule miti ya kujengea ilikuwa adimu. Ndio maana nyumba za kale za Kuwait na Bahrain zina dari za mikoko ya Afrika Mashariki, na vyumba vyao pia ni vyembamba!

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje. Naunga mkono, bana. Lakini yule mkataji aliyesimama kwenye tope na shoka, jina lake halijaandikwa popote, na biashara ilipofungwa yeye ndiye alirudi nyumbani mikono mitupu.