Russell na Copleston: Mdahalo wa 1948 kuhusu Kuwepo kwa Mungu

Utetezi wa imani ni tawi la teolojia ya Kikristo linalowajibu wapinzani wa dini kwa hoja. Jina lake la Kigiriki, apologia, lilikuwa la mahakamani: maneno ya mshtakiwa anayejitetea. Ndivyo alivyofanya Justino Shahidi katika karne ya 2, alipomwandikia Kaisari Antoninus Pius kuwatetea Wakristo. Justino hakuhitaji kuthibitisha kwamba uungu upo, kama ambavyo mihadhara ya Waislamu na Wakristo nchini Tanzania haibishanii hilo. Mungu mwenyewe kuwekwa kizimbani ni jambo la Ulaya ya karne za karibuni.

Mdahalo uliobaki kuwa kipimo ulirushwa na redio ya BBC tarehe 28 Januari 1948. Upande mmoja alikuwepo Padri Frederick Copleston, Mjesuiti wa miaka 40, mwandishi wa historia ndefu ya falsafa. Upande wa pili Bertrand Russell, miaka 75, mwanamantiki aliyekwisha kueleza hadharani mwaka 1927 kwa nini yeye si Mkristo. Hapakuwa na umati wa kushangilia.

Copleston aliazima hoja kwa mwanafalsafa Leibniz. Vitu tunavyovijua ni tegemezi: mtoto ametokana na wazazi, mti na mbegu, wala hakuna kinachojitosheleza. Kuvijumlisha hakusaidii, ukiongeza chokoleti juu ya chokoleti bila kikomo utapata chokoleti tele, hutapata kondoo. Basi lazima kiwepo kisichotegemea kingine, chenye sababu ya kuwepo kwake ndani yake chenyewe.

Russell hakudai kuthibitisha kwamba Mungu hayupo. Alichofanya ni kuyakagua maneno. “Lazima”, kwake, ni sifa ya kauli, si ya vitu: ni lazima pembetatu iwe na pembe tatu, lakini hakuna kitu ambacho ni lazima kiwepo. Tena kila mtu ana mama, ila haifuati kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Kwake, ulimwengu upo tu, basi. Akauliza pia maelezo hutosha lini: njiti ikiwaka, si inatosha kusema imesuguliwa kwenye kiberiti? Kwa matumizi ya kila siku inatosha, alijibu padri, lakini kinadharia hayo ni maelezo nusu. Kisha akamchoma kidogo: asiyekubali kuketi kwenye sataranji hawezi kufungwa. Hapo ndipo ulipo ugomvi wenyewe. Hawakubishania jibu, walibishania kama swali lina haki ya kuulizwa.

Kwenye maadili Russell aliyumba. Alisema hutofautisha jema na baya kama atofautishavyo buluu na njano. Copleston akamtaja kamanda wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Belsen, ambaye huenda aliona anatenda mema. Macho ya nani yafuatwe? Russell akakimbilia mfano wa mgonjwa wa umanjano anayeona kila kitu njano: hatuwezi kumthibitishia, ila wengi tunakubaliana kwamba amekosea. Kwa mtu aliyeisuka upya misingi ya hisabati, kuegemea wingi wa watu ni nguzo nyembamba.

Watetezi wa baadaye waliuzunguka mlango ambao Russell aliufunga. Mwanafalsafa Mmarekani William Lane Craig, katika kitabu chake cha 1979, haulizi kwa nini ulimwengu upo. Anadai kwamba una mwanzo, na kila chenye mwanzo kina kisababishi. Hoja hiyo ameifufua kutoka kwa wanateolojia wa Kiislamu wa kalam, hasa al-Ghazali, na jina hilo amelibakiza. Kwa njia hiyo ubishi ukahamia kwenye fizikia. Mwaka 2014, mjini New Orleans, mwanafizikia Sean Carroll alimjibu Craig kwamba “kisababishi” si msamiati unaofaa kuuzungumzia ulimwengu mzima. Sataranji ikawekwa tena mezani, na kiti kimoja kikabaki kitupu.