Kiti cha Kuteuliwa, Kiti cha Kura

Mwakilishi aliyeingia barazani kwa viti maalumu hachelewi kuulizwa: wewe umechaguliwa na nani? Swali hilo tunalisikia Dodoma, Zanzibar na katika mabunge ya kaunti za Kenya, na anayeliuliza huwa ameshalijibu moyoni mwake: aliyepigiwa kura ana nguvu, aliyeteuliwa ni pambo. Je, ndivyo ilivyo? Wanawake wawili walioketi katika mabaraza ya majimbo miaka ya 1920, chini ya himaya moja ya Uingereza lakini katika mabara mawili, wanatupa nafasi ya kulipima jibu hilo. Mmoja ni Muthulakshmi Reddy wa Madras, kusini mwa India, aliyeteuliwa. Mwingine ni Irene Parlby wa Alberta, Kanada, aliyechaguliwa.

Wanawake wa Madras waliotimiza masharti walipewa kura mwaka 1921, lakini ruhusa ya kuketi barazani ilisubiri hadi 1926. Mwaka huohuo mwanaharakati Kamaladevi Chattopadhyay akajitosa ulingoni, akashindwa kwa kura chache tu. Ikabaki njia ya uteuzi, na Chama cha Wanawake wa India kikaibana serikali mpaka ikakubali. Aliyeteuliwa alikuwa Dakta Reddy, mwanamke wa miaka 40 aliyehitimu Chuo cha Udaktari cha Madras mwaka 1912. Wajumbe, wote wanaume, wakampitisha kwa kauli moja kuwa naibu rais wa Baraza la Kutunga Sheria.

Alberta mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Wanawake walipata kura mwaka 1916, na uchaguzi wa 1917 ukawaingiza bungeni wawili. Parlby, mke wa mfugaji na rais wa zamani wa umoja wa wanawake wakulima wa jimbo hilo, alishinda kiti cha Lacombe mwaka 1921, mwaka ambao chama cha wakulima kilitwaa serikali. Akaingia baraza la mawaziri kama waziri asiye na wizara maalumu. Reddy alikaa barazani miaka mitatu hivi. Parlby alikaa 14, hadi 1935.

Kwa hesabu hiyo tungetarajia Parlby awe na mavuno makubwa zaidi. Tutazame sheria moja kwa kila mmoja.

Mahekalu ya kusini mwa India yalikuwa na wanawake walioitwa devadasi, waliowekwa wakfu kwa mungu wa hekalu tangu utotoni, wakacheza ngoma na kuimba katika ibada. Wengi waliishia kuwa masuria wa wenye fedha. Familia zao zilipewa mashamba, lakini kwa sharti: huduma ya hekalu ikikoma, shamba linarudi. Mama aliyetaka binti yake aolewe alikuwa akihatarisha ardhi ya ukoo mzima. Reddy, ambaye mama yake mzazi alitoka katika jamii hiyo, alikijua kifundo kilipo. Sheria aliyoipitisha mwaka 1929 ilitenganisha shamba na huduma, ardhi ikabaki mikononi mwa wanawake hata wakiacha hekalu. Sharti lililowafunga likaondoka, na kilichowalisha hakikuguswa.

Parlby naye alikuwa na kifundo chake. Mke wa mkulima wa Alberta alikamua ng'ombe, akapikia vibarua na kulea watoto, huku hati ya shamba ikiwa na jina la mume peke yake. Mwaka 1925 Parlby alipeleka mswada wa kuifanya mali iliyochumwa ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Ukapelekwa kamati, haukurudi kuwa sheria. Waziri alikuwa yeye, serikali ilikuwa ya chama chake, na kura za wananchi alikuwa nazo. Lakini bunge lilikuwa la wenye mashamba, na mswada uligusa hati za mashamba hayo.

Mpaka hapo mteule amemzidi mchaguliwa, na ingekuwa rahisi kufunga mjadala. Lakini wapo waliotungiwa sheria hizo, na wao pia wana la kusema.

Reddy alitaka zaidi: mswada wa kupiga marufuku kabisa kuwaweka wasichana wakfu. Devadasi wenyewe wakainuka. Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji mashuhuri, alikuwa miongoni mwa waliopeleka maombi serikalini. Walisema wao ni wasanii na watumishi wa dini, tena ni wanawake wanaomiliki mali, wanaorithi na kuasili mabinti, haki ambazo mke wa Kihindu wa kawaida hakuwa nazo. Wengine wa jamii hiyohiyo, kama Ramamirtham Ammaiyar, waliunga mkono marufuku kwa nguvu zote. Mabishano yakawa marefu, na sheria ikapita mwaka 1947. Waliokuwa wakisemewa walijitokeza kujisemea, hata kama hawakuwa na kiti.

Alberta, mwaka 1928, miongoni mwa waliohusika hakuna aliyejitokeza. Bunge lilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu wa hospitali za akili walioonekana hawafai kuzaa. Parlby aliitetea, mwanaharakati wa haki za wanawake Nellie McClung aliitetea, na wanawake wakulima waliompa Parlby jina lake walikuwa miongoni mwa walioidai. Safari hii kura na mwakilishi vilikwenda pamoja bila kukwaruzana. Mwaka 1937 hata ridhaa ya waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili ikaondolewa. Hadi sheria ilipofutwa mwaka 1972, watu wapatao 2,800 walikuwa wamepitishwa kwenye kisu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: Parlby alilijua shamba, wodi hakuijua, na waliokuwa ndani yake hawakuwa na chama wala njia ya kufikisha ombi.

Reddy alimaliza muda wake barazani kwa namna ambayo haitarajiwi kwa mteule. Gandhi alipokamatwa mwaka 1930, Reddy alijiuzulu, akairudishia serikali ya kikoloni kiti ilichompa. Akaanzisha makao ya wasichana, na mwaka 1954 taasisi ya saratani ambayo ingali inatibu watu mjini Chennai, yaani Madras ya leo.

Turudi sasa kwenye mabaraza ya leo: Ibara ya 177 ya Katiba ya Kenya inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti, na pengo hujazwa kwa uteuzi kutoka orodha za vyama. Haja yake ni dhahiri: katika wadi 1,450, wanawake waliochaguliwa mwaka 2013 walikuwa 82, na mwaka 2022 walikuwa 115. Wateule watazidi kuulizwa walichaguliwa na nani, na swali ni halali. Lakini Ibara ya 196 ya Katiba hiyohiyo inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na hapo ndipo swali zito zaidi lilipo, kwa mteule na kwa mchaguliwa sawia: wachuuzi, wagonjwa, wajane ambao mswada unawahusu, waliitwa lini, na walisema nini?