Nani Anaruhusiwa Kufungua? Historia ya Ulinzi wa Makazi Olkaria

Mtu anayenunua king'ora cha nyumbani leo mjini Naivasha au Nakuru huuliza kwanza kina sauti gani, kina vihisi vingapi, na betri itadumu saa ngapi stima ikipotea. Maswali hayo yana haki yake, lakini historia ya makazi ya Olkaria na viunga vyake inatufundisha kutanguliza swali lingine. Kusini mwa Ziwa Naivasha, kati ya Longonot na ukingo wa Mau, nyumba zimesalimika au kuvamiwa kutegemea nani aliruhusiwa kufungua, nani angeweza kunyang'anywa ruhusa hiyo, na nani aliitikia kamsa ilipopigwa. Ua na kengele ni vyombo tu. Ulinzi wenyewe ni kazi ya kusimamia watu, na kazi hiyo hufaulu pale tu inapokuwa mikononi mwa wale wanaolala ndani.

Ushahidi wa kwanza ni enkang, boma la Wamaasai waliolisha mifugo katika nchi hii kabla ya reli kufika. Wengi hukumbuka ua wake wa matawi ya miiba na kusahau milango yake. Boma liliwakusanya wenye mifugo kadhaa, na desturi ilimpa kila mwenye familia lango lake, ambalo ng'ombe wake walipitia na ambalo wake zake walijenga nyumba zao kulia na kushoto kwake. Jioni lango lilizibwa kwa miiba. Mpango huu ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Ulimpa kila mmoja wajibu unaojulikana, kwa hiyo lango likiachwa wazi hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nani. Pia uliwafunga wote katika ua mmoja, kwa hiyo yowe la mama mmoja usiku lilikuwa mwito kwa boma zima. Ruhusa ilikuwa ya kila mtu peke yake. Mwitikio ulikuwa wa wote.

Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa, na ardhi ikawa mashamba ya walowezi. Hapo mpangilio ukageuka. Mlowezi alilindwa na watu wasio wa nyumba yake, nao walisimamiwa kwa daftari wasilolimiliki. Sheria ya usajili ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake, na bila saini ya mwajiri hakuweza kuondoka kihalali. Ulikuwa usimamizi kamili wa watu kwa maana ya makaratasi: nani yuko wapi, kwa idhini ya nani, tangu lini. Lakini rekodi hiyo haikujenga uaminifu hata kidogo, kwa sababu iliandikwa na upande mmoja ili kuubana upande wa pili.

Mwaka wa 1953 ulidhihirisha gharama ya mpangilio huo. Mwezi Januari familia ya Ruck iliuawa shambani kwake Kinangop, na baadhi ya waliohusika walikuwa wafanyakazi wa shamba hilohilo. Milango na silaha zilikuwapo. Hatari ilikuwa tayari ndani ya orodha ya wanaoaminiwa. Usiku wa tarehe 26 Machi wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungua wafungwa zaidi ya 150. Kituo chenye seng'enge na askari kilishindwa na watu waliojua pa kuingilia. Kuyataja matukio haya si kuhukumu vita vya ukombozi. Ni kuonyesha kwamba ua hauwezi kuziba pengo lililofunguliwa na dhuluma.

Teknolojia ya king'ora yenyewe ni ya zamani kuliko reli ya Uganda. Augustus Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wezi mwaka 1853, kisha Edwin Holmes akainunua na kuigeuza biashara. Ilichelewa kufika majumbani kwetu kwa sababu ilihitaji nyaya, na kwa muda mrefu mshahara wa soja ulikuwa nafuu kuliko nyaya. Redio na baadaye mtandao wa simu za mkononi viliondoa kikwazo hicho. Leo paneli ndogo ukutani hutambua mlango uliofunguliwa, humpa anayeingia sekunde chache za kuandika namba ya siri, na asipoiandika hupiga king'ora na kuwapasha habari walinzi wa kampuni. Mwenye nyumba ana namba kuu, ambayo kwayo huongeza na kufuta namba za wengine. Anaweza kumpa mgeni namba ya muda. Mifumo mingi ina namba ya shinikizo pia: mtu akilazimishwa kuzima, huiandika, king'ora hunyamaza, na kamsa ya kimya hufika kwa walinzi. Kwa hiyo mtambo wa kisasa umerudi kwenye kanuni ya enkang, kila mtu na lango lake. Ila nyumba nyingi huutumia kinyume: namba moja kwa wote, haibadilishwi hata yaya, fundi au mpangaji anapoondoka.

Atatokea wa kusema kwamba namba ya kila mtu, yenye kumbukumbu ya saa aliyoingia na kutoka, ni kipande kilichorudi kwa umbo la umeme. Hoja hii ina uzito na haipaswi kupuuzwa. Lakini tuangalie nani huumia namba ikiwa moja. Kitu kinapopotea, wa kwanza kushukiwa ni mfanyakazi wa nyumbani, naye hana cha kujitetea. Kumbukumbu ya kweli inaweza kumsafisha. Kinachoitofautisha na kipande ni masharti yake: mfanyakazi aambiwe kinachorekodiwa na sababu yake, aweze kuona rekodi yake, na namba yake ifutwe siku anapoondoka bila kumfuata maishani. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 imejengwa juu ya msingi huohuo.

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye uwezo, na kwamba kwa wengi jirani ndiye kengele. Ni kweli, na Olkaria inaithibitisha kwa uchungu. Mwaka 2014 familia za vijiji vinne zilihamishiwa makazi mapya ya RAPland kupisha mradi wa mvuke wa Olkaria IV, zikapewa nyumba za kudumu, na malalamiko kuhusu uhamisho huo yakafika Benki ya Dunia. Nyumba imara ilikuja na mlango na kufuli yake. Ujirani wa boma haumo katika ramani ya mjenzi, nao hulazimika kuundwa upya na wakazi wenyewe. Vivyo hivyo, serikali ilipohimiza mpango wa usalama wa majirani wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ilikuwa inatafuta kwa amri kile ambacho boma lilikuwa nacho kwa desturi. Mtambo hauondoi haja hiyo, kwa maana gari la walinzi lina barabara ya kupita, na jirani ana ua tu.

Basi aliye na mtambo aanze na orodha kabla ya vihisi: nani ana namba, kwa nini, hadi lini, na jirani gani anajua afanye nini king'ora kikilia. Na aliye na kufuli tu aulize maswali hayohayo kuhusu funguo zake. Jamii iliyowahi kuandikwa katika daftari la wengine ina kila sababu ya kuandika lake yenyewe, na kuliandika kwa haki.