Kizimba Ndani ya Gari: Habari za Mabomba Yanayookoa Roho



Mhariri wa jarida letu ameniandikia hapa Tunduma akinitaka niwaeleze vijana wa mchepuo wa ufundi habari za kile kizimba cha mabomba kinachofungwa ndani ya gari la mashindano, ambacho watu wa rali hukiita roli keji. Nadhani amenichagua kwa sababu ya kazi yangu ya kuchomelea trela, wala si kwa ujuzi wa mbio. Nimekubali, maana nimesikia wapo vijana wawili watatu wanaokusudia kulifufua gari kuukuu wakashindane nalo, nao wameuliza kama bomba la maji linafaa kwa kazi hiyo. Jibu ni hapana. Lakini jibu hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu sisi watu wa Afrika Mashariki.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Masharti ya siku zile yalitaka gari liwe lile lile linalouzwa dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari. Wenye magari walikuwa wachache, tena wengi wao walowezi, hilo tusilifiche. Hata hivyo sharti lenyewe lilikuwa zuri kwa mtazamaji, kwani aliona gari la kawaida likipambana na njia ya kawaida. Ubaya wake ulionekana gari lilipopinduka. Kati ya kichwa cha dereva na ardhi palikuwa na bati la paa na nguzo nyembamba za madirisha, basi.

Ng'ambo walikwisha kuanza kulifikiri jambo hili. Huko Marekani chama cha NASCAR kililazimisha vyuma vya kuzuia paa lisibonyee mwaka 1952. Magari ya Formula 1, ambayo hayana paa kabisa, yakatakiwa kuwa na upinde wa chuma nyuma ya kichwa cha dereva kuanzia 1961. Kwetu fikira za watu zilikuwa kwenye matope. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza Safari, na mwaka 1968 yakamaliza 7 vile vile. Shujaa wa zama hizo alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi aliyelijua gari kwa mikono yake. Alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu waliyasifu magari ya namna hiyo kwa vile vyuma vizito vilivyofungwa mbele kukinga wanyama, na hadi leo wapo wanaodhani kwamba chuma cha mbele ndicho kinga ya dereva. Chuma kile hulinda taa na rejeta. Gari likilala chali hakina msaada wowote.

Mwaka 1973 ubingwa wa dunia wa rali ulianzishwa, na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake tangu mwaka huo wa kwanza. Viwanda vya nje vikaja na fedha, injini zikapata nguvu, mwendo ukaongezeka. Kadiri mwendo ulivyoongezeka ndivyo kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, zilivyozidi kukaza. Kanuni hizo zimo katika Nyongeza J, na habari za usalama zimo katika kifungu cha 253. Nawashauri mkisome, ingawa lugha yake ni kavu kama mkate wa juzi.

Kifungu hicho chataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, lenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3, na linalohimili mvuto wa nyutoni 350 kwa kila milimita mraba. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya viti vya mbele kutoka ubavu hadi ubavu, lazima uwe wa bomba moja lisiloungwa. Upana wake ni milimita 45 na unene wa ukuta 2.5, au upana 50 na unene 2. Mabomba mengine yaweza kuwa ya 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Miguu miwili ya nyuma hushuka kutoka kwenye upinde mkuu, nayo lazima inyooke, ikiwa na mlalo usiopungua nyuzi 30 kutoka wima. Bomba hukunjwa likiwa baridi, na nusu kipenyo cha kunja isipungue mara 3 ya upana wa bomba. Kwa bomba la 45 hiyo ni milimita 135. Likibonyea mahali pa kunja, upana mdogo ukigawanywa kwa upana mkubwa usishuke chini ya 0.9. Mwanafunzi mwenye kalipa anaweza kulipima hilo kwa dakika moja.

Kizimba hakiwekwi juu ya bati la sakafu hivi hivi. Kila mguu huwa na sahani ya chuma ya unene usiopungua milimita 3, ikafungwa kwa bolti 3 au zaidi za milimita 8, za daraja la 8.8, kwenye sahani nyingine iliyochomelewa katika bodi yenye eneo la sentimita mraba 120. Bila sahani hiyo mguu hutoboa sakafu kama kisigino kirefu kwenye udongo mbichi, na dereva akabaki na kizimba kizima katika gari lililomshukia.

Sasa nije kwa mafundi wenzangu. Tunduma ni mji wa malori. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalianza kupita hapa kwa malori, juu ya barabara ya udongo ambayo madereva waliipa kwa Kiingereza jina lenye maana ya Mbio za Jehanamu. Lami ilikuja baadaye, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, lakini malori hayakupungua. Katika kazi hii tumezoea hesabu moja: trela likikatika, ongeza chuma. Hesabu hiyo hufaa kwa trela, ila katika kizimba inapotosha. Chukua nondo nzima ya milimita 45. Mita moja ina uzito wa kilo 12 na nusu hivi. Bomba la 45 kwa 2.5 lina kilo 2.6 tu, na kwa kuwa chuma chake chote kimekaa pembeni, mbali na katikati, ukaidi wake wa kupinda ni mkubwa mno kwa uzito huo.

Na bomba la maji je? Lile tunaloliita la inchi moja na nusu lina upana wa nje wa milimita 48, na ukuta wake aghalabu ni mnene kuliko kanuni itakavyo. Kijana hulishika mkononi akaridhika. Lakini bomba hilo limekunjwa kutoka bati na kuungwa kwa mshono, na mshono huo ndio unaoweza kupasuka linapopindwa au kugongwa. Kadhalika, ubora wa chuma chake haukuandikwa popote, na likiwa limepakwa zinki hutoa moshi wenye sumu wakati wa kuchomelea. Mkaguzi atalikataa, nami naona ni haki. Bomba halali huuzwa na hati ya kiwanda. Asiyepata hati asikate hata kipande kimoja.

Kuchomelea nako kuzunguke bomba lote. Wapo wanaochomelea upande unaoonekana tu, kisha wakasaga tuta la weldi na tupa ya umeme ili kizimba kipendeze kikipakwa rangi. Kwa kufanya hivyo huondoa kile kile walichokuja kuweka.

Lakini msikiabudu kizimba. Ari Vatanen wa Finland, mshindi wa Safari ya 1983 kwa Opel Ascona 400, alipata ajali mbaya Argentina mwaka 1985. Kiti chake kilikatika kwenye vishikio vyake, naye akaumia vibaya ndani ya gari lenye kizimba. Aliugua kwa muda mrefu kabla ya kurudi mashindanoni. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 1986, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteketea kwa moto Corsica, na magari ya kundi lao, Kundi B, yakaondolewa katika ubingwa wa dunia kuanzia 1987. Hivyo kiti, mkanda, kizima moto, na sponji ngumu inayovishwa mabomba karibu na helmeti, vyote ni sehemu ya kazi ile ile moja. Fundi anayemaliza kizimba akaacha kiti kimeshikwa na bolti zake za kale amefanya nusu ya kazi.

Wapo watakaosema kanuni hizi ni za Wazungu, zimeandikwa mbali na vumbi letu. Nawakumbusha habari za Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akahamia Kenya mwaka 1972 wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia, na mwaka uliofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982, jumla ushindi mara 5. Ajali aliyoipata mwaka 1987 katika mashindano ya Misri ilimwondoa kwenye usukani. Baadaye aliongoza kamisheni ya rali ya FIA, mezani kule kule ambako kanuni za rali hujadiliwa. Alifariki London mwaka 2006.