Risasi za Kaliba Ndogo katika Uwindaji

Risasi za kaliba ndogo ni zile zinazopigwa kwa bunduki za uwindaji ambazo mtutu wake una kipenyo cha takriban milimita 5.6 hadi 7. Kundi hili linaanza na .22 ya kupigia sungura, ambayo imekuwapo tangu 1887, linapitia .222 Remington ya 1950 na .243 Winchester ya 1955, na kufika kwenye milimita 7 ya Mauser, ambayo watengenezaji wa London waliiuza kwa jina la .275 Rigby. Namba zinazotanguliwa na nukta ni vipimo vya inchi. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au manjano, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachotoka mtutuni. Kichwa ndicho kinachoua, na makala haya yanakihusu zaidi.

Katika kaunti ya Nyamira, kama Kenya nzima, uwindaji wa wanyama kwa bunduki ulipigwa marufuku Mei 1977. Chama cha wawindaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934, kilivunjwa mwaka huohuo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikashikilia msimamo huo. Kwa hiyo elimu ya kuchagua risasi za uwindaji ni, kwa Mgusii wa Nyamira wa leo, elimu ya historia, ya sheria na ya usalama. Hata hivyo ni elimu yenye uzito, kwa sababu mjadala mkubwa kuliko yote kuhusu kaliba ndogo ulizuka katika nchi hizi hizi, umbali wa safari ya siku chache kwa miguu kutoka milima ya Manga.

Bell na milimita 7

Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, alifanya Mumias, magharibi ya Kenya ya leo, kuwa kituo chake cha kujiandalia safari. Pale alinunua mahitaji, akaajiri wapagazi na kuelekea Karamoja, kaskazini ya Mlima Elgon. Katika maisha yake Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaangusha kwa .275, bunduki ambayo wenzake waliiona ya kupigia swala. Wenzake walibeba bunduki za mitutu miwili zenye kaliba ya .450 na zaidi, nzito na zenye teke kali begani.

Bell hakuwa na kismati wala uchawi. Alipasua fuvu la tembo ili auone ubongo ulipo, akajifunza kuulenga kutoka pembe yoyote: mbele, ubavuni, hata nyuma. Halafu akachagua kichwa cha risasi kilichoweza kufika huko, yaani kirefu, chenye ncha ya mviringo, kilichovikwa chuma kigumu mwili mzima, cha uzito wa gramu 11.2, kikitoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Alisisitiza pia risasi ziwe za kiwanda cha kuaminika, zisizochelewa kulipuka, na mara nyingi alitumia za Kijerumani.

Hesabu inaeleza kwa nini alifaulu. Uwezo wa kichwa kupenya nyama na mfupa hutegemea sana uzito wake ukigawanywa kwa mraba wa kipenyo chake. Kichwa cha gramu 11.2 cha milimita 7 kina uwiano ulio karibu sawa na ule wa kichwa cha gramu 19.4 cha .375, bunduki iliyokuja kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Mannlicher ya milimita 6.5, ambayo Bell aliitumia pia, ina kichwa cha gramu 10.4 chenye uwiano mkubwa kuliko wa vichwa hivyo viwili. Lakini kwa upande wa nguvu, .275 hutoa takriban nusu ya nguvu ya .375. Hapo ndipo penye hatari. Kichwa chembamba kinapenya, ila hakisamehe. Kikikosa ubongo kwa upana wa kiganja, tembo haangushwi na mshindo. Anageuka, au anatoroka na jeraha la kufia porini. Sheria zilizoweka .375 kuwa kiwango cha chini zilitungwa kwa ajili ya wapigaji wa kawaida, nami naziona kuwa za haki kwa mnyama na kwa wanaoishi jirani naye.

Umbo na ugumu wa kichwa

Kosa la kawaida ni kuuliza kaliba kwanza. Swali la kwanza ni mnyama: uzito wake, unene wa ngozi, na mfupa uliosimama kati ya risasi na moyo. Suguya ana uzito wa takriban kilo 5, swala tomi 20 na kitu, swala pala 50, na pofu dume hupita 500. Kichwa kimoja hakiwezi kuwafaa wote.

Kichwa kilichovikwa chuma kigumu hadi nchani hakibadiliki umbo. Kwa tembo ndicho kinachotakiwa, lakini kwa swala pala kinatoboa tundu jembamba na kuendelea na safari yake, mnyama akikimbia mbali sana kabla ya kuanguka. Kichwa chenye ncha laini, ambapo madini ya risasi yameachwa wazi mbele, hupanuka kinapogonga na kufungua jeraha pana. Chenye tundu nchani hupanuka haraka zaidi na aghalabu huvunjikavunjika. Vichwa vya .22 vyenye kasi kubwa vilibuniwa kupasukia juu juu kwa wanyama wadogo waharibifu. Ukimpiga navyo mnyama wa kilo 50 begani, unamwachia kidonda kikubwa kisicho na kina. Majeruhi wa namna hiyo ndio aibu kubwa ya kaliba ndogo. Vichwa vinavyopanuka vilipigwa marufuku katika vita na Azimio la The Hague la 1899, lakini katika uwindaji ndivyo vinavyompunguzia mnyama mateso, mradi vimechaguliwa kulingana na mwili wake.

Njia ya kati ilipatikana Marekani. Mwaka 1946 John Nosler alimpiga kulungu mkubwa wa Kanada kwa risasi zilizopasuka kabla ya kuingia ndani, na kufikia 1948 alikuwa anauza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inapanuka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kusukuma. Kuanzia 1989 kampuni ya Barnes ilileta kichwa cha shaba tupu, ambacho hupanuka bila kumeguka. Faida yake imevuka uwindaji. Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki kwenye matumbo yaliyotupwa porini huwasumisha tai na tumbusi, na ndiyo sababu California ilikataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote kuanzia Julai 2019.

Mtutu nao una kauli. Ndani yake mna mitaro ya kuzunguka inayokipa kichwa mzunguko ili kisipinduke angani. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka. Mtutu wa Mannlicher ya 6.5 hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sentimita 20, hivyo unakimudu kichwa chake kirefu; mtutu wa zamani wa .22 Hornet huchukua karibu sentimita 40, na ukiupa kichwa kizito kitaruka kikiyumba na kugonga ubavu ubavu. Kichwa kinachopiga vizuri katika bunduki moja kinaweza kutawanyika katika nyingine ya kaliba hiyohiyo. Hapo hakuna njia ya mkato, ni kujaribu kwenye shabaha kabla ya kumwelekea mnyama.

Kujaza kwa mkono

Kujaza risasi kwa mkono maana yake ni kuchukua ganda lililokwisha kupigwa, kulirudishia vipimo vyake, kubadilisha fataki, kupima baruti na kukandamiza kichwa kipya. Katika Marekani na Ulaya ni kazi ya nyumbani ya maelfu ya wawindaji, wanaofuata majedwali ya viwanda vya baruti kwa mizani nyepesi sana. Faida yake ni usahihi na uhuru wa kuchagua kichwa. Hatari zake ni baruti ya aina isiyo yake, kipimo kilichozidi, au ganda lililochoka, na yoyote kati ya hizo inaweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji.

Afrika Mashariki haikuwahi kuwa na desturi hiyo kwa upana. Wawindaji wa Kenya walinunua risasi zilizo tayari kwa wauza bunduki wa Nairobi, Shaw & Hunter wakiwa miongoni mwao. Kilichowasumbua ni joto. Baruti ya Kiingereza ya kodaiti ilizalisha shinikizo kubwa zaidi ikipashwa na jua, hata maganda yakakwama mtutuni wakati wa haja. Kwa hiyo kampuni ya Kynoch ya Uingereza na wenzake walitengeneza risasi za kitropiki zenye baruti pungufu. Mwinuko nao unabadilisha mambo: kwenye nyanda za karibu mita 2,000, kama zilivyo sehemu nyingi za Nyamira, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko Mombasa, na risasi hupoteza kasi polepole zaidi na kupiga juu kidogo ya ilivyozoeshwa pwani. Karibu 1970 Kynoch iliacha kutengeneza risasi kubwa za zamani, na wenye bunduki hizo wakalazimika kujaza wenyewe au kuziweka ukutani.

Wanaojaza kwa mkono kweli kweli katika kanda hii ni wenye magobori wa Tanzania, wanaoshindilia baruti na vipande vya nondo au gololi kupitia mdomo wa mtutu. Kipimo ni cha kukadiria, usahihi ni wa hatua chache, na mnyama hulipa kwa majeraha.

Gusii na bunduki

Abagusii waliijua bunduki kutoka upande wa kupigwa. Mwaka 1905 kikosi cha King's African Rifles (KAR) kiliwashambulia kwa risasi watu wenye mikuki na ngao, na Januari 1908, baada ya mpiganaji wa Kigusii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa wilaya Northcote, ambaye watu walimwita Nyarigoti, msafara mwingine ukaja na mauaji makubwa zaidi. Kisha 12 Septemba 1914 mji wa Kisii wenyewe ukawa uwanja wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani, na Kapteni Thorneycroft wa KAR akauawa. Mwanzoni mwa Vita hivyo vya Kwanza vya Dunia askari wengi wa Kijerumani walibeba Mauser za 1871 za milimita 11, zenye kichwa cha gramu 25 na baruti nyeusi iliyofuka moshi na kumfichua mpigaji. Askari wa KAR walikuwa na .303 isiyo na moshi. Katika miaka 40 tu kipenyo cha risasi ya askari kilipungua kwa karibu theluthi, na bunduki za wawindaji zilifuata njia hiyohiyo.

Sheria na usalama

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti ya Nyamira, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 900. Risasi ya .22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita 1.5, na ya milimita 7 zaidi ya kilomita 4. Kati ya mashamba ya chai na migomba ya Nyamira hakuna umbali kama huo usio na nyumba, shule au njia ya maji. Hata kama sheria ingeruhusu uwindaji, ardhi yenyewe isingeruhusu.

Anayemiliki bunduki au risasi nchini Kenya lazima awe na cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Mnyama anayeharibu mazao au kuua mifugo huripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Aliyekuta risasi kuukuu katika sanduku la babu asizipige, asizifungue na asizichome. Baruti yake huenda imeharibika, na hakuna anayejua nani alizijaza wala kwa kipimo gani. Amwite polisi wa kituo cha karibu, naye azichukue.