Mtoto Ni Wetu, Lakini Jina Ni la Nani?

Tembea Kilimani siku moja ukisoma vibao vya barabara, utaona mtaa wenyewe haujawahi kukubaliana kuhusu majina. Lenana ni Olonana, laibon wa Wamaasai aliyekufa 1911, jina likiwa limeandikwa vile Mzungu alilisikia. Dennis Pritt ni wakili Mwingereza aliyemtetea Kenyatta kule Kapenguria, kesi iliyoanza 1952. Hurlingham ilitoka Uingereza na haijawahi kurudi. Halafu kuna Argwings Kodhek Road, ile ambayo sisi wote tumekwama kwa jam tukielekea Yaya.

Huyo Argwings-Kodhek alikuwa wakili, Mjaluo wa Gem. Alibatizwa Clement Michael George, kwa hivyo akawa C.M.G. Baadaye alizichukua herufi zile zile tatu akaziwekea jina lingine la kwao, Chiedo Mor Gem, jina la kujisifia kabisa. Alikuwa amerudi kutoka Uingereza na mke wa Kiayalandi wakati ambapo ndoa kama hiyo Nairobi ilikuwa kero kwa serikali ya mkoloni. Akafa kwa ajali ya gari Januari 1969, akiwa waziri, na barabara ikapewa jina lake. Nampenda huyu mzee kwa sababu ya zile herufi. Kanisa lilimpa jina, kwao wakawa na lao, na yeye akatafuta njia ya kuwatosheleza wote wawili bila kubadilisha sahihi.

Nasema haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba ugomvi wa wakwe juu ya jina la mtoto umeletwa na sisi vijana wa fleti na Netflix. Ati zamani kila mtu alijua mahali pake na jina lilikuja lenyewe. Si kweli. Zamani ugomvi ulikuwepo, ila ulikuwa umeshaamuliwa kabla hujazaliwa.

Chukua sisi Wakikuyu. Kijana wa kwanza ni baba ya bwana, wa pili ni baba ya mke. Msichana wa kwanza ni mama ya bwana, wa pili ni mama ya mke. Wakiisha hao unaenda kwa ndugu na dada, upande huu kisha upande ule. Angalia nimesema "ni", sijasema "anaitwa". Kwetu nyanya hapewi heshima ya jina, nyanya anazaliwa. Ndiyo maana utasikia mwanaume mzima na ndevu zake akimwita msichana wake wa miaka mitatu "maitu", mama yangu, na hatanii. Kenyatta aliieleza kanuni hii katika Facing Mount Kenya mwaka wa 1938, na aliifuata nyumbani kwake kuliko alivyofuata mambo mengine mengi. Baba yake alikuwa Muigai, mama yake Wambui. Mke wa kwanza, Grace Wahu, alimzalia Peter Muigai 1920, halafu Margaret Wambui, yule aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Grace Wanjiku alifariki 1950 akijifungua, na mtoto aliyebaki akaitwa Jane Wambui. Akaja Mama Ngina: msichana wa kwanza Christine Wambui, wa pili Anna Nyokabi, jina la mama yake Ngina. Kijana wa kwanza Uhuru Muigai, wa pili Muhoho, jina la Chifu Muhoho, baba yake Ngina.

Kwa hivyo boma moja lina Muigai wawili na Wambui watatu, kwa sababu kila mke anaanza foleni upya. Hata rais, mtu aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha jina la barabara kuu akitaka, hakuweza kuruka foleni. Uhuru lilikuwa jina lake la kuongezea, mwaka wa 1961 kila mtu alikuwa anaota uhuru. Muigai lilikuwa deni.

Sasa angalia ni nani anaumia katika mpango huo mzuri. Ni mama ya mke. Yeye anangoja msichana wa pili, na msichana wa pili si lazima aje. Kuna shosho wengi wameenda kaburini wakingoja kuzaliwa kwa binti yao ambaye alipata vijana watupu. Na kuna sheria nyingine ambayo hatupendi kuitaja kwa sherehe: msichana akizaa kabla ya kuolewa, watoto wanaitwa upande wa kwao yeye. Yaani jina lilikuwa pia risiti. Ukisikia mtoto ameitwa kwa wazazi wa baba, ujue mahari imeongelewa. Ndiyo maana wajomba hupandisha sauti juu ya jina kama wanaongelea mbuzi. Wanaongelea mbuzi.

Wajaluo walienda njia nyingine. Mtoto anakuja na saa yake: Atieno na Otieno wa usiku, Achieng' na Ochieng' wa jua kali, Akoth na Okoth wa mvua. Halafu kuna jina la juogi, la mtu aliyetangulia, ambalo linaweza kuja kwa ndoto, au mtoto akilia hanyamazi majina yanatajwa moja moja mpaka anyamaze. Wakalenjin nao huita mababu mpaka mtoto apige chafya, na nasikia tumbako kidogo puani imewahi kusaidia babu fulani kushinda. Unaweza kusema hapo angalau mtoto ana kura. Lakini uliza, ni nani anayeshika orodha? Kwa kawaida ni mama na mashangazi wa upande wa bwana. Mtoto anaweza kulia mpaka asubuhi, jina la mama yangu halitatajwa kama halimo.

Kisha wamisheni wakaja, wakafungua nafasi ya mbele. Kamau, ndiye Kenyatta, alibatizwa 1914 kule Thogoto. Alitaka awe John na Peter pamoja, akaambiwa achague moja, akaunganisha akawa Johnstone. Kipaji cha siasa kilionekana mapema. Watu wengi waliona nafasi hiyo ni kamba ya shingo, na walikuwa na haki. Jaramogi Oginga Odinga alilitupa Adonijah lake, na alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kijaluo matupu kanisa lilimkatalia. Ngũgĩ naye aliacha James katika miaka ya 1970. Ninaheshimu hayo yote. Ila mimi kama mwanamke naona jambo ambalo hao wazee hawakulisema, pengine kwa sababu halikuwahusu. Mercy, Beatrice, Irene, hayo ndiyo majina ya kwanza ambayo mama aliweza kuyachagua mwenyewe bila kuitisha kikao, kwa sababu hayakuwa ya shosho wa mtu yeyote. Tunayacheka leo majina ya Biblia na ya malkia, lakini kwa wanawake wengi ile nafasi ya mbele ndiyo ilikuwa chumba chao pekee katika nyumba nzima.

Serikali nayo ikaongeza lake. Kipande kuanzia 1920 kilitaka mwanaume Mwafrika awe na jina moja lisilobadilika, la kuandikwa na kuwekewa alama za vidole, na watu waliokuwa wamezoea kuitwa tofauti utotoni, jandoni na uzeeni wakagandishwa. Kisha cheti cha kuzaliwa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuwa na kifungu cha 12 kilichosema jina la baba haliandikwi kama wazazi hawajaoana, isipokuwa wote wawili waombe pamoja au kuwe na ushahidi wa ndoa. Kina mama wangapi walirudi nyumbani na cheti chenye pengo? Ilichukua mpaka 2016, mama mmoja aende Mahakama Kuu, na Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kipengele cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Hakisemi ni nani atalichagua. Hapo wametuachia sisi na wakwe.

Na tusijifanye jina la pili ni mapambo. Mwanzoni mwa 2008 kulikuwa na vizuizi barabarani ambapo kitambulisho chako ndicho kiliamua kama utapita. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zile. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakiambiana ni nani asipande matatu ya kuelekea wapi, na kila kitu kilikuwa jina. Ukiona darasa la chekechea la hapa Kilimani limejaa Imani, Amani, Zawadi na Baraka, usidhani ni mitindo tu. Kuna wazazi walioamua mtoto wao asije akasomwa kabila kwa tochi ya mtu. Mimi nawaelewa kabisa, na bado najiuliza shosho wa Imani anazaliwa wapi.

Sasa nifike kwangu, maana nimeulizwa. Mimi ni wa Murang'a. Bwana yangu ni wa Siaya. Kwa mama mkwe mimi ni nyar Murang'a, na tunapendana sana, hilo liandikwe. Tulipopata msichana wa kwanza, upande wangu ulijua jina kabla hajakatwa kitovu: ni mama ya bwana. Kwetu kukosa kumuita mama mkwe ni tusi, ni kama kumwambia hatukumtambua. Kwa hivyo nikampigia kwa furaha, nikamwambia, "Mama, umezaliwa." Simu ikanyamaza. Akaniuliza polepole, "Nyathina, kwani mmeshanizika?" Kwao jina la mtu wa nyumbani kwa kawaida hungoja aende kwanza. Nilikuwa nimemletea zawadi kubwa kuliko zote za kwetu, na yeye akasikia kengele ya msiba.

Nesi naye alikuwa mlangoni na fomu, ile ya taarifa ya kuzaliwa, anataka jina kabla hatujaruhusiwa kutoka. Mtoto alizaliwa saa nane usiku. Akawa Atieno, na mbele tukaweka jina la Kiswahili, na nyuma la baba yake.

Kwa Wajaluo hiyo ilikuwa sawa kabisa. Grupu yetu ya WhatsApp ya Murang'a iliwaka siku nne. Tata mmoja akasema, kama mama ya bwana hakuzaliwa basi foleni haijaanza, na kama foleni haijaanza mama yangu atazaliwa lini? Mjomba akafungua faili la pili: tulipanda ithigi, ndiyo, lakini ruracio haijaenda mbali, kwa hivyo kwa haki mtoto huyu angeitwa upande wetu. Bwana yangu, ambaye alikuwa amepeleka ayie kwa mama yangu kwa mikono miwili na kudhani mambo yamekaa, alikuwa anasoma hayo yote kwa msaada wa tafsiri yangu. Sikutafsiri yote.

Mama yangu hakuandika kitu kwa grupu. Alikuja kuona mtoto, akambeba, akamwita "Atieno" vizuri tu, hata lafudhi alijaribu. Akiwa anaondoka ndio akaniambia pale kwa lifti, "Nyanya yako alizaliwa kwangu mara mbili. Mimi sijazaliwa kwa mtu yeyote." Hakukuwa na hasira. Ni mtoto wa pekee aliyebaki kwao, na mimi ndiye msichana wake mmoja. Hesabu yake ni fupi.

Kuna watu huniambia niwe "modern", nichague ninachotaka, mtoto ni wangu. Sawa. Lakini ninachotaka ni nini? Ninataka mama yangu azaliwe na mama mkwe asizikwe. Hiyo haimo katika kitabu cha majina ya watoto. Nikiangalia historia naona kila mtu aliyefaulu kidogo alifaulu kwa kuongeza nafasi, hakuna aliyefaulu kwa kufuta. Kenyatta aliweka Uhuru mbele ya Muigai. Argwings-Kodhek alizijaza upya herufi zake. Cheti hakijakataza majina manne. Hoja ya mjomba kuhusu ruracio naikataa waziwazi, kwa sababu mtoto si dhamana ya mkopo, na nimemwambia hivyo kwa heshima zote. Hoja ya mama yangu siwezi kuikataa.

Wengi hawajui kwamba sheria inakuruhusu kubadilisha au kuongeza jina la mtoto ndani ya miaka miwili tangu asajiliwe, kwa ada ya kawaida. Ikipita hapo unaingia mambo ya wakili, hati na tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Nilimwambia bwana yangu. Akampigia mama yake mwenyewe, kwa Kijaluo, maongezi marefu ambayo safari hii ni mimi nilikuwa sijui yanasema nini. Akarudi akasema mama ameuliza swali moja tu: huyo mama ya nyar Murang'a, anajua kwamba ataitwa akiwa hai, na hajali?

Nikamwambia anajua. Ndicho anachongoja.

Mama mkwe amesema basi aulizwe tena, na yeye akiwepo, asikie kwa masikio yake. Wanakutana hapa kwetu Jumamosi ijayo. Miaka miwili ya Atieno inaisha mwezi wa tatu.